Kanga Yangu ya Pittsburgh

Nililichoma bango langu la utafiti kwa pasi saa nne usiku, kesho yake nikitakiwa kulisimamia mbele ya majaji. Mengine mengi ya safari ile yameshanitoka kichwani. Pasi ile haijanitoka.

Tuliondoka Columbus, Ohio, kwa basi, asubuhi moja ya baridi Novemba 2024. Ni kama kilomita 300 hadi Pittsburgh. Kipasha joto kilikuwa kibovu, na chai tuliyonunua njiani kwa dola 4 ilikuwa maji yaliyooneshwa majani tu.

Tulikuwa tunakwenda ABRCMS, mkutano ambao Chama cha Maikrobiolojia cha Marekani kimekuwa kikiuandaa tangu 2001 kwa ajili ya wanafunzi wa sayansi za tiba wanaotoka katika jamii zisizoonekana sana maabara: Weusi, Walatino, Wenyeji wa asili wa Marekani na wengineo. Jina lake lilinichekesha. Zamani lilisema ni mkutano wa wanafunzi wa jamii za wachache; mwaka ule lilisema wanasayansi waliofanywa wachache. Mimi ni wa Ngamiani, Tanga. Sikuwahi kuwa mchache hata siku moja mpaka mama aliposhinda bahati nasibu ya viza. Darasani tulikuwa sabini, dawati moja watu wanne. Huo uchache tungeupata wapi?

Wenzangu walibeba mabango ya karatasi ndani ya mirija mirefu ya plastiki, inamgonga kila abiria. Mimi nilijiona mjanja, nikachapisha langu kwenye kitambaa, nikalikunja kama kanga, likaingia begini kimya kimya. Nilipolikunjua hotelini likawa na makunyanzi kama uso wa aliyeamshwa. Chumba tulikuwa wanne, na kwa bei ile nilidhani kitakuwa na dirisha linalofunguka, lakini angalau pasi ilikuwepo.

Sasa, mimi nimekulia kwenye pasi ya mkaa. Moto wake naupima kwa kidole chenye mate. Hii ilikuwa na kidude cha kuzungusha. Nikakizungusha hadi kwenye alama ya pamba, nikaikandamiza. Kitambaa kumbe si pamba, ni polyesta. Kilisinyaa kwa mlio wa kaanga, moshi ukanipanda puani, na nilipoinyanyua pasi, nguzo ya tatu ya grafu yangu ilikuwa imeondoka nayo. Tundu lenyewe ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Na hiyo nguzo ya tatu ndiyo iliyobeba matokeo! Kijana mmoja wa Puerto Rico tuliyekuwa naye chumba kimoja alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanipa plasta ya kidonda. Nikaibandika kwa nyuma.

Ukumbi uko kando ya Mto Allegheny, na kutoka pale unayaona madaraja ya njano, mojawapo lina jina la Rachel Carson, mwanabiolojia aliyezaliwa jirani na mji huo. Nilisimama nimeziba tundu kwa bega. Jaji aliyenifikia alikuwa mama mtu mzima, Mweusi, amevaa raba. Akanisogeza bega kwa kidole.

"Hapa pana nini?"

"Pasi."

Hakucheka. Akauliza seli za utafiti wangu nilizitoa wapi. Nikajibu haraka: HeLa, zile seli za binadamu zinazozalishwa maabara, kwenye friza yetu.

"Na kabla ya friza?"

Hilo nilikuwa nalijua, ila sikuwa nimewahi kulisema kwa mdomo: zilitoka kwa Henrietta Lacks, mwanamke Mweusi aliyechukuliwa seli za uvimbe wake wa saratani Baltimore mwaka 1951 bila kuombwa ruhusa. Yule mama akanielekeza dirishani. Chanjo ya polio ya Jonas Salk, akasema, ilitengenezwa katika mji huu huu. Na ilipofanyiwa majaribio makubwa mwaka 1954, seli za HeLa za kupimia damu za watoto zilizalishwa kwa wingi Tuskegee, Alabama, na wanasayansi Weusi. Kisha akalitazama bango langu toka juu mpaka chini, akaandika alama zake, akaondoka.

Nikalitazama na mimi. Jina la mwalimu wangu lipo, la chuo lipo, la wafadhili lipo na nembo yao. Shangazi yangu anauza kanga, na moja aliyoipenda kuitundika mlangoni iliandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio". Nikaazima kalamu ya wino mzito, nikaandika Henrietta Lacks pale chini katikati, panapokaa jina la kanga.

Zawadi sikupata. Columbus mama alilikunjua bango mezani, akapitisha kidole kwenye tundu, akasoma maandishi ya chini taratibu.

"Mwanangu, kanga gani hii ya kipande kimoja? Cha pili kiko wapi?"