Naomba

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Neno letu la juma hili ni Luka 10:4-7. Nimelisoma mara nyingi tangu tulipoisindikiza ile familia ya ushirika wetu kwenda kuhudumu Kilifi, pwani ya Kenya: baba, mama na watoto watatu waliokulia hapa Tororo, Uganda, na ambao hawakuwahi kuiona bahari. Mama huyo hunipigia simu Jumamosi jioni, nami nina ruhusa yake kuwashirikisha.

Siku ya kwanza walishuka ufukweni. Mtoto wa mwisho akayaonja maji, akatema, akauliza nani ametia chumvi ziwani. Kesho yake wakakuta maji yamekupwa na mashua zimelala ubavu. Akalia, akidhani bahari imekauka. Nyumbani nako maji ya kisima yana chumvi na chai haina ladha waliyoizoea. Joto la usiku linawatoa nje kukaa barazani. Hayo wameanza kuyazoea, na sitayakalia sana.

Kilichonigusa ni jambo la dukani. Mama alikwenda kununua sukari, akasema kama tusemavyo huku: "Lete kilo moja." Mwenye duka akampimia, lakini hakumtazama usoni. Barazani alikuwa ameketi bibi mmoja, Mwislamu, jirani yao wa mlango wa pili. Akamwita kwa upole: "Mwanangu, huku hatusemi lete. Sema, naomba."

Mama aliniambia alirudi nyumbani akakaa kitandani, akalia. Hakuwa amekasirika. Kumbe kwa miaka yote neno "naomba" alikuwa amelitumia kwa Mungu peke yake.

Sisi wa umri wangu hapa Uganda tunajua Kiswahili kilivyotufikia. Kwa wengi kilikuja kimevaa buti. Simama! Lala chini! Toa kitambulisho! Mwanzoni mwa miaka ya 1980 misako ya wanajeshi ilipewa jina la amri yenyewe, panda gari, na wako waliopanda wasirudi. Mama yangu mzazi hakutaka kukisikia nyumbani kwake. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, lakini hata leo wapo wapendwa wanaosita kuingia ibada yetu ya Kiswahili kwa sababu ya lugha tu. Siwalaumu. Tulijifunza kuamriwa kwa Kiswahili kabla hatujajifunza kuomba kwacho.

Hata hivyo, zamani za Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, kilikuwa kimefika kwa njia nyingine. Mwaka 1875 msafiri Mzungu Stanley alimwacha katika jumba la Kabaka kijana Dallington Muftaa, aliyesomeshwa na wamisheni kule Unguja, ili amsomee mfalme Neno. Miaka miwili kabla wamisheni wa kwanza kutoka Uingereza hawajawasili, Injili ilikuwa ikisomwa Buganda na kijana wa Kiafrika kwa lugha ya pwani.

Sasa tazameni jinsi Bwana alivyowatuma wale wanafunzi sabini. Bila mfuko, bila mkoba, bila viatu. Mtu aliyetumwa hivyo hana budi kubisha hodi, na akiisha kukaribishwa hana budi kuomba maji. Neno la kwanza analopewa kusema ni "Amani iwemo nyumbani humu." Kisha anaambiwa akae, akila na kunywa vya kwao. Mahubiri yanakuja baadaye, kwenye mstari wa tisa. Mimi niliyesimama madhabahuni kuwaaga ndugu zetu niliwaombea ujasiri na mamlaka, na sikukumbuka kuwaombea unyenyekevu wa kula cha jirani. Nimetubu kwa hilo.

Nimemkumbuka pia Krapf, mmisheni Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mwaka huohuo alimzika mkewe na mtoto wao mchanga. Naye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa. Mwezi wa Juni, kabla ya msiba huo, alikuwa ameanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Mgeni, katika nchi isiyo yake, akaketi na mwalimu wa Kiislamu na kumwuliza neno moja baada ya jingine. Sidhani angeweza kumwambia kadhi, "Lete."

Turudi Kilifi. Siku chache baada ya lile la dukani, yule bibi alipiga hodi na sahani iliyofunikwa: mahamri na mbaazi za nazi. Watoto walikula mpaka wakalamba vidole. Ndipo mama akaambiwa kwamba sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ndani alikuwa na unga wa wimbi kidogo, uliobaki katika ule tuliomfungia, naye alikuwa akiuficha kwa siku ya ugonjwa au ya kukumbuka nyumbani. Akaupika wote uji, akaupeleka. Bibi alionja, akauliza ni nafaka gani hii, akamwomba akae amweleze.

Juma lililopita nilimwuliza tumtumie nini kwa basi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba, naomba wimbi kilo nne. Mbili zangu, mbili za bibi."