Faini ya Baht Tano

Alhamisi usiku, mkoani Khon Kaen

Leo ilikuwa siku ya wai khru, siku ambayo wanafunzi wa Thailand huwapa walimu wao heshima mbele ya shule nzima. Hufanyika kila mwaka mwanzoni mwa muhula, mara nyingi Juni, na kwa desturi huwa ni Alhamisi. Walimu tuliketi safu moja ukumbini, na watoto wakatujia wakitembea kwa magoti, wakainama, wakatoa masinia ya maua waliyoyapanga wenyewe jana hadi jioni. Kila kilichowekwa pale kina maana yake. Nyasi za ukoka ni uvumilivu, maana hata zikikanyagwa huchipua tena. Ua la mbilingani, ambalo huinama, ni unyenyekevu. Maua madogo mekundu wanayoyaita dok khem, yenye ncha, ni akili kali. Msichana mmoja wa kidato cha kwanza, ambaye darasani hainui kichwa, aliniwekea sinia mapajani kisha akanitazama usoni. Nilibaki nimeishika ile sinia muda mrefu baada ya yeye kuondoka.

Ndiyo sababu lililosemwa mchana katika ofisi ya walimu limeninyima usingizi. Kuna pendekezo kwamba kuanzia muhula wa pili, Novemba, Jumatano iwe siku ya Kiingereza. Tangu wimbo wa taifa wa saa mbili asubuhi hadi kengele ya mwisho, mwanafunzi atakayesikika akizungumza lugha nyingine atatoa baht tano, fedha ya hapa, kwenye mkebe wa darasa. Aliyelitoa ni mtu mwema, anayewapenda hawa watoto na kuwatakia kazi nzuri. Akanigeukia: wewe ndiwe mwalimu wa Kiingereza kutoka nje, utatuunga mkono? Nikaomba nipewe hadi mkutano wa Jumatatu.

Mimi nimekulia Wundanyi, juu kwenye milima ya Taita, na shule yetu ya msingi ilikuwa na diski. Shule nyingine Kenya waliiita monto. Yetu ilikuwa kipande cha mbao kilichotobolewa na kutiwa kamba. Ukisikika unasema Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, au hata Kiswahili, unavishwa shingoni, na tangu hapo kazi yako ni kumvizia mwenzako ateleze ulimi umpe yeye. Jioni tulitajana mmoja baada ya mwingine, kutoka wa mwisho hadi wa kwanza, na kila aliyeivaa siku hiyo alipata viboko vyake. Kuna watoto waliokuwa wasimuliaji hodari nyumbani ambao shuleni hawakufungua kinywa miaka yote ile. Ukinyamaza, diski haikufikii.

Kiingereza changu hakikutoka kwenye kile kipande cha mbao. Kilitoka kwa mwalimu wa darasa la sita aliyetusomea hadithi saa za alasiri, na kila tulipokwama alituelezea kwa Kidawida, tukacheka, kisha akarudi kwenye kitabu. Katiba yetu ya 2010 inasema Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili, na pia inaiagiza dola ikuze na kulinda lugha za kienyeji. Ile diski ilinifundisha kuchongea rafiki.

Isan, eneo hili la kaskazini-mashariki, lina mikoa ishirini na karibu theluthi moja ya watu wa Thailand. Nyumbani wengi husema Kilao, ambacho hapa hukiita kwa jina la eneo lenyewe, Isan. Shuleni ni Kithai cha Bangkok. Sheria ya elimu ya lazima ilitungwa 1921, na tangu zamani hizo shule imekuwa mlango wa kuingizia lugha ya taifa vijijini. Mwalimu mwenzangu aliyekaribia kustaafu, mama mtulivu ambaye humwita kila mtu mdogo wake, aliniambia kwamba alipokuwa mtoto waliosema Kilao darasani walitozwa faini. Aliniambia hivyo akimenya embe, bila kuinua sauti. Leo mchana alikuwepo ofisini na hakusema neno.

Kwa hiyo watoto hawa wameshabadilisha lugha mara moja kabla hawajanifikia mimi. Kiingereza ni cha tatu kwao, kama kilivyokuwa cha tatu kwangu. Wengi wanalelewa na bibi mzaa mama, kwa sababu wazazi wako Bangkok viwandani, kwenye majengo au nyuma ya usukani wa teksi, wakituma pesa kila mwezi. Bibi ndiye anayewaamsha, ndiye anayewapikia ule wali wa kunata unaoliwa kwa kufinyangwa vidoleni. Lugha ya huyo bibi ndiyo itakayotozwa baht tano.

Darasani kwangu wako arobaini na kitu, na mimi huwaacha wapange kwanza kwa Kilao wanachotaka kusema. Kelele huwa nyingi. Kisha anasimama mmoja na sentensi ya Kiingereza, wenzake wamemshikilia kwa nyuma. Vitenzi vyao havibadiliki kwa wakati, iwe jana au kesho, hivyo wakati uliopita wa Kiingereza huwachosha sana. Konsonanti za mwisho nazo hupotea midomoni mwao, wakati sisi tulikuwa tunazipachika irabu. Nawaonyesha yote mawili ubaoni, ya kwao na ya kwetu, na naona mabega yao yakishuka. Mtoto anapojua kwamba hata mwalimu alisumbuka na jambo hilohilo, anajaribu tena.

Matangazo mengi ya kazi ya ualimu nchi hii bado hutaka mtu aliyezaliwa ndani ya Kiingereza. Mimi, niliyesoma kila somo la sekondari na chuo kikuu kwa lugha hiyo, nilitakiwa kufanya TOEIC, mtihani wa kupima Kiingereza, kabla ya kuajiriwa. Wafilipino na Wacameroon ninaowafahamu hapa wana simulizi kama yangu. Iliniuma, na bado inauma kiasi. Lakini nina hakika kwamba kuipanda hii ngazi kwa miguu yangu mwenyewe ndicho kitu bora ninachowaletea watoto hawa, na nisingependa kukibadilisha na pasipoti ya mtu yeyote.

Nimempigia mama simu. Kwake ilikuwa bado alasiri, saa nne nyuma yetu. Nilipenda sana nilipogundua kwamba Wathai nao huhesabu usiku kama sisi: saa moja jioni kwao ni moja, inayofuata ni mbili, hadi tano. Mama husema basi hao ni watu wa kwetu. Nilipomweleza habari ya faini alinyamaza, halafu akaniuliza kama naikumbuka ile kamba ilivyomchubua shingo kaka yangu. Nilikuwa nimesahau.

Jumatatu nitawaeleza kuhusu ile kamba, na nitamuomba yule mama aliyekaribia kustaafu aseme yake iwapo moyo unamruhusu. Kisha nitatoa ombi. Huu ni msimu wa kupandikiza mpunga, mvua zimeanza, na kila bibi hapa anajua habari za shamba ambazo hazimo kitabuni. Mtoto akamuulize bibi yake kwa Kilao jinsi walivyopanda zamani, nani alimsaidia nani, walikula nini shambani. Jumatano aje atusimulie kwa Kiingereza, na wenzake wamuulize maswali kwa lugha yoyote. Naomba nusu saa tu baada ya chakula cha mchana, na nitasahihisha mimi.

Ikikataliwa na faini ikapita, nitafundisha Jumatano kama siku nyingine zote, lakini mkebe hautawekwa kwenye meza yangu.