Siku tatu za Babu

Kipande cha Babu kilikaa miaka yote ndani ya kopo la maziwa, kimeviringishwa kwenye pande la kanga iliyochakaa. Shangazi ndiye aliyekuwa akikitunza. Ni kadi ndogo iliyogeuka rangi ya chai, ina vyumba 30, kila chumba siku moja ya kazi. Vyumba 27 vina alama ya kalamu. Vitatu vya mwisho ni vitupu.

Aliyewahi kuishi na wazee wa mkonge anajua maana yake. Mtu wa kipande hakulipwa kwa mwezi wa kalenda. Alilipwa kadi ikishajaa siku zote 30. Babu aliziacha siku tatu na mshahara wake akauacha hapohapo.

Kwa nini? Nyumbani kwetu swali hilo lilikuwa na majibu mengi kuliko wajukuu. Baba mkubwa alisema Babu alitoroka kwa sababu kazi ilimshinda, na kwenye ugomvi wa kifamilia neno "mtoro" halikukawia kutoka. Baba yangu alisema ni homa. Shangazi alishikilia lake: "Alimfuata mama yangu. Basi." Neno lile la utoro liliniuma tangu utotoni, maana Babu niliyemjua mimi hakuacha hata tuta moja halijapaliliwa.

Ndiyo maana mwaka jana nikamwambia Shangazi twende Tabora kwa treni, njia aliyopita Babu. Watu walitushangaa. Siku hizi ya umeme inakufikisha Dodoma kwa saa chache. Lakini sisi tulitaka ile ya zamani, ya njia ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Babu alikuwa Mha wa Kasulu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliteremka na njia hiyo kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, kijana asiyekuwa hata na ndevu, kwenda kukata mkonge Kimamba.

Tulipita Kimamba usiku. Nilikuwa nimepanga kuyaona mashamba, lakini dirishani palikuwa na giza na taa mbili tatu za mbali. Shangazi hakuwa amelala. Akaanza kunieleza kazi yenyewe kama alivyoelezwa na Babu: unakata majani ya chini, unakata na ule mwiba wa nchani, unafunga mizigo ya majani thelathini thelathini, kisha majani yanasombwa kwenda kwenye korona, mashine ya mkonge, kusagwa mpaka zibaki singa, zile nyuzi. Utomvu unawasha mpaka kwenye kwapa. "Baba alikuwa na kovu hapa," akanigusa chini ya jicho. Kovu lile nililiona maisha yangu yote, nikidhani ni la kuanguka. Kumbe ni mwiba.

Bibi naye alikuwa kambini hapo. Baba yake, Mnyamwezi wa Igalula mkoani Tabora, alikuja na mkataba kama Babu, ila yeye alikuja na mke na watoto. Bibi alikuwa akimsaidia mama yake kusomba maji. Mkataba wa baba yake ulipokwisha, familia ikapewa tiketi za kurudi kwao. Siku ya kuondoka kwao, kwa hesabu ya Shangazi, ndiyo siku ambayo kipande cha Babu kilisimama kwenye 27.

Hakuweza kupanda nao. Aliyekatisha mkataba hakupewa tiketi na mwajiri, na fedha aliyokuwa nayo ilimfikisha Itigi tu. Alipanda treni iliyofuata, akashuka Itigi, akaanza kutembea.

Itigi tulifika mchana wa siku ya pili. Nilishuka kununua maji, nikasimama kidogo pembeni ya njia. Kuna vichaka pale ambavyo sijaviona kwingine: si msitu wa miti mirefu, ni ukuta wa matawi yaliyosukana, mtu akiingia hatua kumi humwoni tena. Njia pekee ya maana kwa mtu wa miguu ni reli yenyewe. Nikajaribu kutembea juu ya mataruma. Hatua ya taruma moja ni fupi, inakukwaza. Ya mataruma mawili ni ndefu, inakuvuta nyonga. Ukipita pembeni, kokoto zinakuteleza. Nilikwenda labda hatua hamsini, honi ikalia, nikarudi nikikimbia. Shangazi alikuwa ananitazama dirishani. Hakucheka. "Na yeye hakuwa na viatu," akasema.

Kutoka hapo nilihesabu stesheni kwa namna nyingine kabisa. Kitaraka. Kazikazi. Malongwe. Goweko. Kwa abiria ni majina ya kupita, watu wanasogea madirishani kununua asali ya chupa na karanga, treni inaondoka. Mimi kila tukiondoka nilikuwa najiuliza alilala wapi. Kati ya stesheni na stesheni kuna pori la miombo lisiloisha, mizinga ya nyuki imening'inia juu ya miti. Shangazi alisema Babu aliwahi kumwambia kwamba watu wa gengi la reli walimpa uji mara mbili na hawakumuuliza anakwenda wapi. Hilo tu. Kwa safari nzima ile, alichokihadithia ni uji aliopewa na watu.

Tulilala Tabora. Asubuhi tukakodi gari kurudi nyuma hadi Igalula, kwa mdogo wake Bibi, ambaye ndiye pekee aliyebaki wa tumbo lile. Tulimkuta amekaa mkekani anapepeta mchele. Shangazi akapiga magoti. "Mwangaluka, mama mdogo." Mimi nikaamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu," akashika mkono wangu na hakuuachia kwa muda mrefu.

Nikatoa kipande. Hakujua kusoma, lakini alikitambua ni kitu gani kabla sijasema, maana baba yake naye alikuwa na vya kwake. Akapitisha kidole kwenye vyumba, mstari kwa mstari, mpaka kwenye vile vitupu.

"Nilikuwa mtoto," akasema, "lakini siku aliyofika naikumbuka. Mimi ndiye niliyetumwa kibuyu cha maji. Miguu yake ilikuwa imevimba hivi." Akaonyesha kwa viganja viwili. "Baba akamuuliza, umefuata nini? Akasema, mzee, naomba ninywe kwanza."

Alikunywa, akakaa. Hakuwa na ng'ombe wa mahari wala ndugu wa kumsemea. Misimu miwili alilima shamba la mkwewe mtarajiwa, analala kwenye kibanda cha kulindia mazao yasiliwe na nguruwe, ndipo akapewa jibu. Haya Shangazi aliyajua. Ambalo hakulijua ni lile ambalo bibi yule alilisema mwisho, huku ameshaurudia ungo wake.

"Dada alituchosha siku zile. Tangu tuliporudi kutoka mkonge, maji alikuwa anakwenda kuchota kule ng'ambo ya reli. Kila jioni. Na kisima chetu kilikuwa hapa nyuma ya nyumba."

Shangazi aliuliza, "Kule reli kulikuwa na maji?"

"Kidimbwi. Ya kunyweshea mbuzi. Mama alikuwa anayamwaga, anampiga, kesho anakwenda tena."

Shangazi akavua kanga ya mabegani, akaikunja mara nne, akaiweka mapajani. Kisha akaomba apelekwe akakione kidimbwi kilipokuwa.