Siku moja maishani mwangu: daftari la kambi ya mafuriko

Saa 11 alfajiri
Napita madarasani na tochi, nahesabu waliolala. Shule hii ni makazi ya muda tangu mto ulipovunja kingo siku nne zilizopita. Mimi ni afisa wa maafa wa serikali, na kazi yangu ni daftari. Leo ni watu 600. Kila kitakachofika hapa kitafuata namba hiyo.

Saa 1 asubuhi
Boza la maji linaingia. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura, viitwavyo Sphere, vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo tunahitaji lita 9,000. Hakuna anayekinga ndoo kabla sijapima klorini. Nachota maji kwenye kichupa, natia kidonge, natikisa. Yakigeuka rangi ya waridi, klorini imo. Yasipobadilika hayana kinga, na kwenye msongamano kama huu kipindupindu hakibishi hodi. Yamegeuka. Foleni inaanza kusogea.

Saa 3
Kikao cha kamati. Tuna matundu 12 ya choo, tundu 1 kwa watu 50. Kwa siku za mwanzo yanafaa, lakini tukikaa zaidi ni tundu 1 kwa watu 20, yaani 30. Nimeomba wachimbaji waanze leo, maana choo hakichimbwi kwa siku moja. Wauguzi wameanza kuchanja watoto surua.

Saa 5
Bibi mmoja anasimama mbele ya meza yangu. Siku mbili amekula mgawo wa jirani yake.
"Bibi, mbona hukuja kuandikishwa?"
"Nilikuja, mwanangu. Nikaambiwa bila kitambulisho siandikwi."
Hapa hapa, kwenye meza yetu! Imeniuma. Kitambulisho kimekwenda na nyumba, na sisi wenyewe ndio tulioandika kwenye ripoti kwamba mtaa wake wote umezama. Tunawezaje kumdai kile tunachojua maji yamekichukua? Naita majirani wawili wamthibitishe, naandika jina lake, namshika mkono aweke dole gumba. Kidole kimelainika kwa kazi za miaka mingi, alama haishiki. Tunarudia mara tatu. Kisha nawaita makarani wote na kuwaeleza: ushahidi wa majirani unatosha.

Saa 8 mchana
Mgawo. Orodha imebandikwa ukutani tangu asubuhi, kila kaya na stahili yake, ili mwenye lalamiko aseme mapema. Bibi ameitwa kwa jina lake.

Saa 11 jioni
Ripoti kwa makao makuu. Wanauliza kama tugawe fedha kwa simu badala ya vitu. Masoko yakifunguka, naunga mkono kabisa, kila mtu anajua upungufu wa nyumbani kwake. Kwa sasa barabara imekatika, na fedha bila duka hazipikiki.

Saa 4 usiku
Boti ya uokoaji imeleta mama na watoto wanne, wamelowa. Blanketi kwanza, maswali baadaye. Wamelala sasa. Nafungua daftari: 605. Kesho, lita 9,075.