Safari yangu ya Vesterbro kumfuata Tove Ditlevsen

Jumamosi sikuwa na shifti, nikapanda treni asubuhi hapa Malmö, Sweden, kwenda Copenhagen, sio mbali kabisa, unavuka daraja la Øresund na ndani ya kama dakika 40 ushafika stesheni kuu. Wengi wakishuka pale wanaenda Tivoli, bustani ya michezo. Mi nilikuwa namfuata mshairi wa Denmark, Tove Ditlevsen, nimemsoma mwaka mzima kwa tafsiri ya Kiingereza na bado hajanitoka kichwani.

Ukitokea nyuma ya stesheni unakutana na Istedgade hapohapo, ukinyoosha nayo tu unafika Enghave Plads, na Hedebygade iko jirani. Huu ndio mtaa wa Vesterbro, zamani huku ni kwa vibarua na watu wa viwandani, siku hizi kahawa tu bei yake inakutoa jasho. Tove alizaliwa 1917, akakulia Hedebygade 30A kwenye nyumba ya uani, baba yake alikuwa mchochea makaa, kuna vipindi hana kazi kabisa. Baba mwenyewe msoshalisti na mpenda vitabu jamani, lakini binti alivyomwambia anataka kuwa mshairi akamjibu asijidanganye, msichana hawezi kuwa mshairi. Hiyo sentensi iliniuma sana. Mtoto akawa anaandika kwa kujificha, daftari likafumwa na kaka yake, akalisoma huku anacheka.

Nilisimama getini muda, dada mmoja akatoka na mtoto wake akanishikia mlango nikachungulia ndani. Miti, baiskeli ndogo nyekundu imelala kwenye majani, kumetulia. Kwenye kitabu chake cha utoto ua ule una kona ya mapipa ya taka, wasichana wakubwa wanakusanyika jioni kupiga stori za wanaume na yeye mdogo anasikiliza. Ameandika kwamba utoto ni mrefu na mwembamba kama jeneza, huwezi kutoka peke yako. Nilitazama juu, kile kipande cha anga kati ya kuta, nikamuelewa.

Shule aliacha mapema, akafanya kazi za ndani, baadae maofisini. 1937 shairi lake likachapwa kwenye jarida la Vild Hvede, 1939 akatoa kitabu cha kwanza cha mashairi, halafu akaolewa na mhariri wa lile jarida aliyemzidi miaka 30. Aliolewa mara 4. Mume wa tatu, daktari, ndiye alianza kumdunga pethidini, dawa kali ya maumivu, na ile dawa ikamshika vibaya mno.

Hayo yote kayaandika wazi kwenye kitabu cha 1971, kinaitwa Gift. Kwa Kidenmaki hilo neno ni mtu aliye kwenye ndoa, na hilohilo ni sumu. Kiswidi nacho hivyohivyo, mi mwenyewe fomu yangu ya kwanza huku niliweka tiki kwenye gift bila kujua maana ya pili.

Mchana nikachukua treni hadi Sjælør, makaburi ya Vestre Kirkegård yako pale, makubwa balaa, na manyunyu yameanza. Amelala humo tangu 1976, alijiua akiwa na miaka 58. Nilikaa kwake hadi viatu vikalowa.

Kwenye treni ya kurudi nikajaribu kukipa kile kitabu jina la Kiswahili. Nikaandika Ndoa kwenye simu, nikafuta, nikaandika Sumu, nikafuta, hadi tunavuka daraja nilikuwa nimeyaacha yote mawili, moja juu ya lingine.