Diklofenaki haiishii kwenye kifundo: kazi yake ndani ya uti wa mgongo

Mtu akiteguka kifundo cha mguu kwenye ndondo jioni, uvimbe na joto si ajabu. Ajabu inakuja usiku, shuka likimgusa tu anaruka. Tena si pale palipovimba peke yake, hata muundi na unyayo ambavyo havikuguswa na mtu. Kifundo hakiwezi kueleza hilo. Sababu iko mgongoni.

Nyuzi nyembamba za neva kutoka mguuni huingia kwenye uti wa mgongo upande wa nyuma, na huko hukabidhi ujumbe wa maumivu kwa seli nyingine kwa njia ya kemikali, hasa glutameti na dutu P. Hapohapo zipo seli ndogo zinazomwaga glaisini, na glaisini ndiyo breki: hupunguza ujumbe kabla haujapanda ubongoni.

Uvimbe ukishakaa saa kadhaa, uti wa mgongo wenyewe huongeza kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemikali mwilini) cha COX-2, ambacho husaidia kutengeneza prostaglandini E2, kemikali inayochochea uvimbe na maumivu. Prostaglandini hiyo hukaa kwenye kipokezi cha EP2, huamsha kimeng'enya kingine kiitwacho PKA, nacho hubandika fosfeti kwenye kipokezi cha glaisini aina ya alfa-3. Kipokezi kikishabandikwa hivyo, glaisini ikija hakiitiki sawasawa. Breki imelegea, na mguso wa shuka unapita kama kidonda. Hatua hii ya alfa-3 ilielezwa mwaka 2004 kwa kutumia panya.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ni kundi moja: huzuia vimeng'enya vya COX. Kabla ya hapo dawa hizi zilieleweka zaidi kama dawa za mahali palipovimba. Mwanasayansi John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini, akapata Nobel mwaka 1982. Kisha mwaka 1992 watafiti Malmberg na Yaksh wakaziweka dawa za kundi hili moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wa panya: maumivu yaliyozidishwa yalitulia kwa dozi ndogo zaidi ya mara 100 kuliko ile ya kuingia mwili mzima. (Ni panya, jamani. Asije mtu akaomba diklofenaki ya uti wa mgongo.)

Sasa tuje famasi. Anayesubiri mpaka ashindwe kulala ndipo ameze kidonge kimoja anaikuta breki imeshalegea. Kwa jeraha lenye uvimbe, kama huna kizuizi, meza mapema na kwa mpangilio kwa siku chache: ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, baada ya kula, isizidi 1,200 kwa siku bila daktari. Diklofenaki ni miligramu 50 mara 2 au 3 kwa siku, mwisho 150. Ile yenye ganda la kuyeyukia utumbo usiikate wala kuitafuna, na usitegemee ifanye kazi ndani ya dakika 10.

Hii tabia ya kudai sindano kwa sababu "vidonge havina nguvu" haina msingi. Dawa ni ileile, inazuia kimeng'enya kilekile, na kuchomwa hakuliondolei tumbo hatari ya vidonda, maana dawa hulifikia kupitia damu. Soma pia pakiti: vipo vidonge vinavyochanganya diklofenaki na paracetamol, na mtu huongeza Panadol juu yake bila kujua anairudia dawa moja.

Kuna maumivu ambayo dawa hizi haziyawezi. Miguu inayowaka na kuchomachoma kwa mwenye kisukari mara nyingi haisikii diklofenaki hata kidogo. Kwenye panya waliojeruhiwa neva, njia ya EP2 na alfa-3 haikuonekana kuchangia maumivu hayo, kwa hiyo kuizuia hakusaidii. Hapo kuongeza dozi ni kuumiza figo bure. Daktari ana dawa nyingine, kama amitriptilini.

Na kwa Dar, homa kali yenye maumivu ya viungo isikimbiziwe diklofenaki kabla ya kupima. Dengue ilisumbua jiji hili mwaka 2014 na 2019, na dawa hizi huongeza hatari ya kutoka damu. Tumia paracetamol, kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, na maji ya kutosha.

Mjamzito kuanzia wiki ya 20 asiguse diklofenaki wala ibuprofeni bila daktari. Anayemeza losartan, dawa ya shinikizo la damu, pamoja na dawa ya kukojosha asiongeze diklofenaki kimyakimya, maana zote tatu kwa pamoja zinaweza kuangusha figo, hasa joto la Februari likimkausha. Anayetumia aspirini ndogo ya moyo, ile ya kawaida isiyo na ganda, aimeze kwanza, asubiri angalau dakika 30 ndipo ameze ibuprofeni. Ikitangulia ibuprofeni, inaizuia aspirini kufanya kazi yake kwenye chembe sahani za damu.