Zawadi ndogo kwa wahudumu wa ndege
Jamani juzi nimetoka zangu Tanga na basi la alfajiri kwenda kupanda ndege Dar, mama kanifungia kashata za nazi eti nikawape wahudumu, nikamwambia mama hizi tutakula wenyewe, cha kupikwa nyumbani wengi wanaogopa maana hawakujui, bora kilichofungwa kiwandani. Nikanunua pakiti sita za korosho na vimafuta vya mikono, chini ya mililita 100 visije vikabaki kwenye ukaguzi. Hewa ya kule juu kavu mno, mikono yao inapauka! Nikampa dada wa mlangoni kabla pilika hazijaanza, mgawane na wenzio. Akapokea kwa mikono miwili, akauliza Tanga ipi, nikasema Ngamiani, kumbe bibi yake yuko Chumbageni.